Fundi Asiyetakiwa Kuvua Barakoa

Mliosoma wiki iliyopita mnakumbuka nilipowaacha: nimesimama katikati ya karakana ya shemeji, mikono imejaa masizi, mlango wa mwisho wa bweni la wasichana umeegemea ukuta, na shemeji anaupitishia kidole kama mtu anayetafuta vumbi ili apate pa kunilaumu.

Kwa anayeingia leo nitafupisha, maana mikosi yangu ni mirefu. Nilisomea kuchomelea vyuma. Kazi ya kwanza niliipata kwenye gereji, nikamwaga unga kwa sababu mke wa mwenye gereji hakutaka kuniona nimelala chini ya gari moja na mumewe. Kazi ya pili ilikuwa kwa mtengeneza madirisha. Huyo alinirudisha nyumbani akidai hana choo cha wanawake, kana kwamba miezi yote niliyokaa kwake nilikuwa nimejibana.

Ndipo dada yangu, tumbo moja, akamwomba mumewe anichukue. Mumewe ana karakana ya mageti na milango. Akanichukua kama kibarua: nikichomelea nalipwa, mvua ikinyesha au umeme ukikatika naambulia patupu. Usiku nalala kwenye kochi la sebuleni kwao, na asubuhi natakiwa niwe nimelikunja shuka kabla baba mwenye nyumba hajataka kusikiliza redio.

Tangu fundi wa zamani aondoke kwa sababu ya macho kuharibika, nafasi moja ya kudumu ilikuwa wazi pale. Mshahara wa kila mwezi. Bima. Mashine yako mwenyewe ambayo mwingine haigusi. Kwa mtu anayelala kwenye kochi, hiyo ni nafasi ya kukodi chumba na kufunga mlango wake kwa ufunguo wake. Shemeji alitamka mbele ya watu: atakayemaliza milango ya bweni bila mshono hata mmoja wa kuchomelea kurudiwa, nafasi ni yake.

Niliimaliza. Peke yangu.

"Kazi safi," shemeji akasema. "Haina doa."

"Basi, shemeji, lile jambo letu."

"Jambo gani tena?"

"La nafasi."

"Aa, hilo!" Akacheka kama aliyekumbushwa mzaha wa zamani. "Subiri kwanza wenye mradi wa bweni waje waione kazi. Wao ndio wanaolipa. Usiwe na papara, shemeji yangu."

Jamani, hilo neno subiri! Ningekuwa nalipwa kwa kusubiri, leo ningekuwa na ghorofa na wapangaji.

Sasa niwaeleze kitu ambacho wiki iliyopita sikukisema, kwa sababu kinanitia hasira mpaka kalamu inatetemeka. Barakoa ya kuchomelea ni ngumu, inafunika uso wote mpaka kidevuni, na mbele ina kioo cheusi. Ukiivaa na ovaroli na glavu, hata mama yako mzazi atakupita njiani. Shemeji aliligundua hilo mapema kuliko mimi.

Siku zangu za kwanza, mteja mmoja alinikuta uso wazi nachomelea geti lake. Akauliza kama litamaliza hata mwaka. Shemeji ikabidi ampunguzie bei ili asiondoke. Kuanzia hapo ikawa sheria: gari la mteja likisimama nje, teremsha barakoa, na usitoe sauti.

Nikageuka kijana.

"Huyu kijana wako ana mkono mzuri," wateja walisema.

"Tena mpole," shemeji alijibu. "Haongei kabisa."

Mmoja alifurahi hata akaninunulia soda baridi. Nilikaa nimeishika mpaka ikawa ya moto, kwa sababu singeweza kuinywa bila kuvua barakoa, na yule bwana alikuwa hana haraka ya kwenda popote. Mrefu alivunjika mbavu kwa kicheko nyuma ya mabati.

Mrefu ndiye kibarua mwenzangu. Yeye anakata vyuma na kupaka rangi, na ndiye aliyenibandika jina la Cheche. Mtu mwema, lakini siku ile baada ya milango kukamilika alikuja na sura ya msibani.

"Cheche, kaa chini."

"Nikae chini kuna nini?"

"Ile nafasi ina mwenyewe. Nimemsikia bosi kwenye simu. Amesema, 'Fundi wetu wa kudumu yupo tayari, tumeshamwandikisha.'"

"Nani?"

"Hakutaja jina. Nilikuwa juu ya ngazi napaka rangi. Ungetaka nishuke nimuulize?"

Nikamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na miguuni nikaona viatu vipya.

"Mrefu, umenunua viatu."

"Ndiyo. Vya zamani vilitoboka."

"Umenunua viatu vipya wiki hii hii?"

Alielewa ninakoelekea, uso ukamshuka. "Cheche, mimi hata mshono wa dirisha la choo unanitoa jasho. Leo hii uniambie nimekula nafasi yako?"

"Sijasema wewe. Nimesema viatu."

"Basi kavihoji viatu."

Akanipa kisogo. Siku mbili hatukusemezana, tukawa tunapeana vyuma kama watu waliogombania mirathi. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nimemkamata mwizi wangu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Dada alinikuta jikoni najipaka mafuta kwenye malengelenge.

"Mdogo wangu, hebu iangalie hiyo mikono. Nani ataoa mikono kama hiyo?"

"Ataoa mikono au ataoa mimi?"

"Nakwambia kwa mapenzi. Ile kazi haina mwisho mwema kwako. Bora uache mapema, utafute kitu chepesi."

"Kama kipi?"

Dada yangu hajawahi kuajiriwa. Aliolewa akiwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, na hata nauli ya kwenda kumsalimia mama anaiomba kwa mumewe, tena anaiomba huku amekunja mikono. Nilidhani ananionea huruma. Nikamshukuru moyoni, nikalala.

Siku ya wenye mradi ilipofika, shemeji alinivuta pembeni kabla sijavaa glavu.

"Leo sikiliza vizuri. Mgeni akija, wewe ni msaidizi. Barakoa haivuliwi. Neno halitoki. Utachomelea utakachoambiwa, basi."

"Na nafasi yangu?"

"Leo ikienda vizuri, kesho tunaongea."

"Shemeji, hatuongei kesho. Tuongee sasa."

Akaninong'oneza kwa meno aliyoyabana. "Unalala wapi wewe?"

Nikavaa glavu.

Mgeni huyo tulikuwa tumezoea kumwita Mama Mradi kabla hata hajafika. Ni mama mnene mchangamfu, ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea kwenye kumbi kubwa. Alishuka garini akapita moja kwa moja kwenye milango yangu. Akaigonga, akaifungua na kuifunga, akainama kuangalia bawaba. Mimi nimesimama kando.

"Milango imara," akasema. "Nimefurahi. Sasa tuje kwenye sharti letu. Tulikubaliana kwamba karakana itakayochukua kazi ya bweni iwe na fundi mwanamke aliyeajiriwa kwa kudumu. Na mshahara wake wa mwaka wa kwanza tunamlipa sisi wenyewe, mkononi mwake. Yuko wapi?"

Fundi mwanamke! Kumbe nafasi ile ilikuwa ya mwanamke tangu mwanzo! Karakana nzima ilikuwa na mwanamke mmoja tu, naye ni mimi. Nikasamehe yote pale pale: kochi, soda ya moto, yale ya kuitwa kijana. Nikaona aibu kwa niliyomtendea Mrefu. Shemeji alikuwa ananiandalia jambo la kunishtua, nami nimekuwa namfikiria vibaya. Nikapeleka mkono kwenye barakoa niivue, nijitokeze.

"Yupo, mama," shemeji akasema. "Mke wangu, njoo."

Mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka dada yangu.

Amevaa ovaroli mpya ya bluu, mikunjo ya dukani bado imesimama. Kiganja cha kulia kimefungwa bandeji. Miguuni ana ndala za maua. Ndala, jamani, mahali ambapo cheche zinadondoka siku nzima!

Mkono wangu uliganda kwenye barakoa, kisha ukashuka wenyewe.

"Ooh, hongera sana binti," Mama Mradi akasema, akamshika dada mabega. "Ndiwe uliyefanya kazi hii yote?"

"Ndiyo, mama."

"Na mkono?"

"Nimejiunguza kidogo, mama. Ni kawaida ya kazi."

Kawaida ya kazi! Mimi nyuma ya kioo cheusi nimeuma mdomo mpaka nikasikia chumvi.

"Pole. Nilitamani nikuone ukichomelea," Mama Mradi akasema. "Basi mwelekeze msaidizi wako, nione unavyofanya kazi."

Shemeji akanisukumia mabomba mawili ya chuma. Dada akaja akasimama juu yangu, ananukia manukato.

"Haya, kijana," akaanza. "Choma hapo."

Nikangoja. Hapo palikuwa ni katikati ya bomba, ambapo hapakuwa na chochote cha kuunganisha.

"Yaani, hapo pembeni. Choma taratibu. Ukiona imeanza kubadilika rangi, geuza upande wa pili, mpaka iive vizuri."

Mpaka iive! Mrefu, kule nyuma na brashi yake, alikohoa mara tatu kuficha kicheko. Nilipogeuka kumtazama, hakuwa anacheka tena. Alikuwa anamtazama dada, kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa polepole. Viatu vyake vilikuwa viatu tu.

Nikachomelea. Nifanyeje? Mikono ilikuwa yangu na ilikataa kuharibu. Nikaunganisha yale mabomba kwa mshono mmoja, nikagonga gamba lililoganda juu yake likadondoka, chini kukabaki safi. Mama Mradi akaguna kwa kuridhika.

"Unaona? Mwalimu mzuri anaonekana kwa mwanafunzi," akamwambia shemeji. Wakaenda pamoja nje kuhesabu milango ikipakiwa kwenye lori. Mrefu akaitwa kusaidia kupakia.

Walipotoka tu, nilimkamata dada mkono, ule wa bandeji, nikamvutia nyuma ya mabati. Hata hakusema aah. Hapakuwa na kidonda chochote.

"Dada, ni nini hiki?"

"Punguza sauti."

"Nafasi yangu! Mmemwandikia mtu mwingine, na mtu mwenyewe ni wewe!"

"Ni yeye aliyepanga. Alisema mshahara ukienda kwako utahama nao, ukija kwangu unabaki nyumbani."

"Nawe ukakubali."

"Nikatae niende wapi?" Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakuanguka. "Unajua juzi aliniambia nini? Kwamba kama sina ninachoingiza, asije akasikia nauliza anakotoka. Kuna mwanamke, mdogo wangu. Kila mtu mtaani anajua. Akiniacha, natoka mle ndani sina hata kijiko changu. Huu mshahara utakuja mkononi mwangu. Mkononi mwangu, unanielewa? Nitamwonyesha kidogo, na kingine nitakificha."

"Na mimi je?"

"Wewe una mikono. Utapata kazi popote. Mimi nina nini?"

"Mikono hii ndiyo iliyofukuzwa gereji! Hii hii ndiyo iliyofukuzwa kwa mwenye madirisha!" Nilikuwa nalia sasa, ndani ya barakoa, na hakuna jambo la kuudhi kama kulia mahali ambapo huwezi kupangusa pua. "Popote ni wapi, dada? Nionyeshe hapo popote, niende leo."

Akanishika glavu zote mbili.

"Nisitiri. Nakuomba. Ukisema, huyu mama ataona tumemdanganya, atachukua kazi yake yote. Karakana itafungwa. Mrefu atakula wapi? Wewe utalala wapi? Nisitiri mwaka huu mmoja tu."

Mwaka mmoja. Aliutaja kama mtu anayeazima chumvi.

Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilimwelewa. Ningekuwa na dada mbaya ningejua la kufanya. Huyu ndiye aliyenilipia ada ya chuo kwa kuuza bangili zake za harusi, akamdanganya mumewe kwamba zimeibwa. Nilisimama pale nimemkasirikia na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na sikujua kipi kitangulie.

Sauti ya Mama Mradi ikarudi kabla yake mwenyewe. Tukatoka nyuma ya mabati, kila mmoja upande wake.

"Nimebakiza habari moja njema," akasema. "Nilitaka kwanza nijiridhishe na kazi. Bweni likiisha, tunafungua darasa la kufundisha wasichana uchomeleaji. Fundi wetu ndiye atakayekuwa mwalimu wao, ajira ya kudumu. Na ataletewa mashine mpya. Si ya karakana, baba, usinielewe vibaya. Ni yake yeye. Hata akihama, anaondoka nayo."

Shemeji alikuwa anatabasamu mpaka ile sehemu ya kuondoka nayo.

Mashine mpya. Yangu. Wasichana waliokaa mbele yangu, wanajifunza kwangu, na hakuna hata mmoja anayefundishwa kujificha. Na dada yangu atawaambia nini watoto wa watu? Kwamba wachome mpaka iive? Wataungua macho. Watakatika vidole. Kisha watu watasema, si tuliwaambia kwamba hii si kazi ya wanawake?

Hapo nilivunjika. Sikupanga, wala sikufikiria mara mbili. Nilishika barakoa kwa mikono yote miwili nikaivua.

Hewa ikanipiga usoni. Nywele zimelowa, macho yamevimba, pua inatiririka. Sikuwa mtu wa kutazamwa.

"Mimi ndiye," nikasema. Sauti ilitoka kama ya chura kwa kukaa siku nyingi bila kutumika mbele ya wageni. "Milango ile nimechomelea mimi."

Mama Mradi akarudi hatua moja. "Huyu naye ni binti?"

Dada akafumba macho. Mimi nikasubiri dunia ianguke.

Lakini shemeji yangu si mtu wa kawaida. Ninyi mnaonifuata tangu mwanzo mnamjua. Hakutikisika hata kope. Akacheka, akaja akaniwekea mkono begani kama baba mwenye upendo.

"Tumefichuliwa!" akasema. "Mama, huyu ni mdogo wake mke wangu, tumbo moja. Ana haya sana, ndiyo maana hujificha kwenye barakoa. Kweli, milango amechomelea yeye, lakini chini ya mkono wa dada yake. Dada ndiye fundi, huyu ni mwanafunzi wake wa kwanza. Tulitaka tukushangaze."

Mtu anaibiwa, anapiga kelele za mwizi, na kelele zenyewe zinageuzwa wimbo wa kumsifu aliyemwibia!

Mama Mradi hakuwa mpumbavu, alisita. Akanitazama mimi, akazitazama ndala za maua. Kisha akamgeukia dada, na safari hii sauti yake haikuwa ya ukumbini.

"Binti, nataka nisikie kwako. Ni wewe uliyemfundisha huyu?"

Dada akafumbua macho. Akanitazama moja kwa moja, na kwa muda huo mfupi nikaona jinsi alivyokuwa ananitazama zamani, nilipokuwa mdogo nimeanguka na yeye anajiuliza aninyanyue au aniache nijinyanyue. Nikajua atasema kweli. Nikajua kabisa.

"Ndiyo, mama," akasema. "Kila anachokijua kwenye kazi hii, nimemfundisha mimi."

Hakusita. Angesita hata kidogo, labda ningemsamehe.

Uso wa Mama Mradi ukafunguka wote. "Dada kamshika mkono mdogo wake! Hiki ndicho tunachokitafuta miaka yote!" Akaanza kupekua mkoba wake. "Hii lazima wakubwa zangu waione. Sogeeni, sogeeni hapa kwenye mwanga."

Shemeji akanisukuma mgongoni, polepole, kwa vidole vinavyouma. Dada akanifungulia mikono. Mrefu alisimama mlangoni na brashi inayodondosha rangi kwenye viatu vyake vipya, wala hakuiona.

Mama Mradi akainua simu, akaielekeza usoni kwangu.

"Narekodi," akasema. "Haya, binti, usiogope. Mtazame dada yako, umwambie asante. Sema."